Umefukuzwa chuo Marekani kwa udanganyifu wa kitaaluma: jinsi ya kuomba chuo kingine

Mdogo wangu alikaa na ile barua miezi miwili kabla sisi hatujaiona. Ilikuja kwa barua pepe, aya tatu tu, na neno lenyewe lilikuwa katika aya ya pili: amefukuzwa. Muhula wa nne, somo la kemia, ripoti ya maabara iliyofanana na ya mwenzake mstari kwa mstari. Huku Tanga mama bado anawaambia majirani kwamba mwanawe anaingia mwaka wa tatu. Katika miezi hiyo miwili mdogo wangu alifanya jambo lililomgharimu kuliko kosa la kwanza. Aliomba vyuo vitatu vipya, na katika fomu zote tatu akajaza kana kwamba hajawahi kukanyaga chuo kikuu. Kimoja kilimkubali. Wiki tano baadaye kikafuta udahili, na sasa akawa na makosa mawili ya kueleza badala ya moja.

Leo anasoma, kwa jina lake na kwa historia yake yote. Njia aliyopita baada ya hapo ndiyo ninayoieleza hapa, pamoja na niliyojifunza kwa kukaa naye mezani usiku baada ya usiku. Jambo moja linabeba mengine yote: faili lako litafika chuo kipya, upende usipende. Kilicho mikononi mwako ni kama maelezo yako yatalitangulia au yatalifuata.

Anza na viza, hata kabla ya kulia

Kama uko Marekani kwa viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, sehemu hii haiwezi kungoja. Chuo kinapomfukuza mwanafunzi, ofisi ya wanafunzi wa kimataifa hufunga rekodi yake katika SEVIS, mfumo ambao serikali hutumia kufuatilia wanafunzi wa nje. Aliyemaliza masomo yake hupewa siku 60 za kujiandaa kuondoka. Aliyeacha masomo kwa idhini ya ofisi hiyo hupewa 15. Aliyefukuzwa hana hata moja.

Kwa hiyo nenda kwa ofisa wa wanafunzi wa kimataifa siku ileile unapopokea barua ya tuhuma, usisubiri hukumu. Kabla ya uamuzi bado kuna mambo anayoweza kukufanyia, au walau kukueleza kwa uwazi. Baada ya rekodi kufungwa mlango unakuwa mwembamba sana. Ipo njia ya kuomba kurudishiwa hadhi ya uanafunzi kwa fomu ya I-539, nayo kwa kawaida huombwa ndani ya miezi 5. Ila lazima uonyeshe kwamba kilichokutoa kilikuwa nje ya uwezo wako, na kufukuzwa kwa kunakili ni vigumu sana kukiweka katika fungu hilo. Wengi walio katika hali hii huishia kuondoka nchini, kupata chuo kipya kinachowapa I-20 mpya (hati ya chuo ya kuombea viza), kulipa tena ada ya SEVIS ya dola 350, na kurudi ubalozini kuomba viza upya. Ofisa wa viza atauliza kilichotokea. Mjibu sawasawa na ulivyoandika kwenye maombi ya chuo, bila kuongeza wala kupunguza.

Lipa saa moja ya mwanasheria wa uhamiaji. Najua ni fedha nyingi kwa mwanafunzi. Sisi tulichanga kwenye kikundi cha ndugu cha simu, na sijawahi kujutia mchango ule. Usimwulize mtu wa msikitini au kanisani aliyewahi "kusikia" kesi kama yako.

Kwa raia, wenye makazi ya kudumu, na familia zetu za Kikongo na Kirundi zilizokuja kama wakimbizi, shida hii ya viza haipo. Mengine yote yanawahusu.

Soma barua kama wakili

Huku nyumbani tunasema "amedisko" na habari imeisha. Kwa Marekani hiyo haitoshi, maana kuna maneno matatu yanayofanana kwa mbali na matokeo yake yanatofautiana sana. Kusimamishwa ni kwa muda: muhula mmoja, miwili, kisha unarudi. Kutakiwa kuondoka ni karibu na hapo. Harvard mwaka 2012 ilichunguza wanafunzi wapatao 125 wa kozi moja kwa kushirikiana katika mtihani wa kufanyia nyumbani, na zaidi ya nusu walitakiwa kuondoka kwa muda, lakini mlango wa kurudi haukufungwa. Kufukuzwa ni kukatwa moja kwa moja. Wapo waliojiandika "nimefukuzwa" kwenye fomu kumbe barua inasema wamesimamishwa miezi 12, na wapo waliofanya kinyume chake. Andika neno lilelile lililo kwenye barua.

Kisha tafuta mambo haya ndani yake: tarehe ya mwisho ya rufaa, kama adhabu inahusu chuo kimoja au mfumo mzima, na kama kuna maandishi yatakayowekwa kwenye transikripti, yaani rekodi ya alama zako. La pili watu hulisahau. Ukifukuzwa kampasi moja ya California State University, umefukuzwa mfumo wote, kwa hiyo usipoteze ada ya maombi kwa kampasi nyingine ya mfumo huohuo. La tatu linatofautiana mno. Vyuo vingine huandika sababu waziwazi, vingine huandika tu kwamba mwanafunzi hastahili kujisajili, vingine haviandiki chochote. Chuo Kikuu cha Maryland kwa miaka mingi kimetumia alama ya XF, ambapo X inamaanisha kwamba F hiyo ilitokana na udanganyifu, na mwanafunzi anaweza kuomba X iondolewe akitimiza masharti. Uliza kwa maandishi kama chuo chako kina utaratibu wa namna hiyo.

Rufaa, kama ipo sababu

Muda wa rufaa ni mfupi, mara nyingi siku 5 hadi 10 za kazi. Rufaa haisikilizi majuto. Husikiliza mambo ya aina tatu: utaratibu ulikiukwa, umepatikana ushahidi mpya, au adhabu imezidi kosa. Kama ulinakili na ulikamatwa kwa haki, hoja yako ni ya tatu tu, na hiyo ina nguvu zaidi ikiwa ni kosa la kwanza. Usidharau hoja hiyo. Hata University of Virginia, ambako chini ya mfumo wa heshima, yaani wa uaminifu wa wanafunzi, ulioanza mwaka 1842 adhabu ilikuwa ni kufukuzwa tu kwa vizazi vingi, wanafunzi wenyewe walipiga kura mwaka 2022 kuondoa adhabu hiyo ya pekee.

Kundi moja ninaliombea lisikate tamaa: waliotuhumiwa kutumia akili mnemba kwa sababu tu kompyuta imesema hivyo. Turnitin, programu inayokagua kunakili, ilianza kutoa kipimo chake cha maandishi ya akili mnemba Aprili 2023, na Agosti mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Vanderbilt kikakizima kwa wasiwasi juu ya usahihi wake. Watafiti wa Stanford walijaribu vipima saba vya aina hiyo kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihesabiwa kuwa kazi ya mashine. Sisi tuliojifunza Kiingereza darasani, kwa sentensi fupi na msamiati wa vitabu, ndio tunaonaswa. Kama kweli uliandika mwenyewe, kusanya historia ya matoleo ya waraka wako kutoka Google Docs au Word, madaftari, vitabu ulivyoazima maktaba, na uviwasilishe kabla muda haujapita.

Rufaa ikishindwa, imeshindwa. Isibebe maisha yako mwaka mzima.

Omba kuliona faili lako

Sheria ya Marekani iitwayo FERPA, ya mwaka 1974, inakupa haki ya kukagua kumbukumbu zako za masomo, zikiwemo za nidhamu, na chuo kinatakiwa kukuruhusu ndani ya siku 45. Andika barua pepe kwa msajili na kwa ofisi ya mkuu wa wanafunzi. Usikisie kilichoandikwa juu yako. Mdogo wangu alidhani faili limesema "alinakili mtihani", kumbe lilisema ripoti moja ya maabara, na lilitaja kwamba alikiri siku ya kwanza. Mstari ule wa kukiri ulimsaidia baadaye kuliko barua yoyote ya sifa.

Sheria hiyohiyo inakiruhusu chuo chako cha zamani kupeleka kumbukumbu zako kwenye chuo unachoomba bila kukuomba ruhusa. Vyuo pia huthibitisha usajili kupitia National Student Clearinghouse, na mikopo ya serikali huacha alama ya chuo ulichosoma. Ndivyo mdogo wangu alivyojulikana.

Neno kwa wazazi walio Mombasa, Bujumbura au Mwanza: mkipiga simu chuoni hamtaambiwa kitu. Mwanafunzi wa chuo ndiye mwenye haki ya faili lake hata kama ada mnalipa nyinyi, na kwa kawaida lazima atie saini ndipo waongee nanyi. Si dharau.

Waambie nyumbani

Najua hatua hii haimo kwenye miongozo ya Wazungu. Kwetu imo. Utahitaji fedha, utahitaji pengine pa kulala, na utahitaji mtu wa kukusomea maelezo yako bila kukupamba. Mama akisikia kwa mtu mwingine, utakuwa umepoteza mengi zaidi ya chuo. Kama huwezi kumkabili baba, pitia kwa mjomba au shangazi, kama watu walivyofanya siku zote. Mdogo wangu alinianza mimi, mimi nikamwendea bibi, bibi akamwendea mama. Mama alinyamaza siku mbili, siku ya tatu akauliza ada ya chuo kipya ni kiasi gani.

Chagua vyuo kwa akili ya miaka miwili

Karibu kila mtu aliyefukuzwa anataka aombe mara moja chuo chenye hadhi ileile, ili aibu ifunikwe. Mimi ningemshauri apite komyuniti koleji kwanza, na sisemi hivyo kama adhabu.

Vyuo hivi vya miaka miwili vingi hupokea karibu kila mwombaji mwenye cheti cha sekondari. California peke yake ina zaidi ya 110, na mkazi wa jimbo hulipa dola 46 kwa krediti moja (kipimo cha uzito wa somo). Mwanafunzi wa kimataifa hulipa mara kadhaa zaidi, lakini bado kwa kawaida ni chini ya chuo kikuu. Vingi vinatoa I-20, kwa mfano Houston Community College na Santa Monica College. Muhimu zaidi ni kwamba mihula miwili mizima yenye alama nzuri na rekodi safi inaandika ukurasa mpya juu ya ule wa zamani. Ofisa wa udahili anapofungua faili la mtu aliyefukuzwa, anauliza kimoyomoyo: je, atarudia? Transikripti ya mwaka mmoja baada ya kosa inajibu swali hilo kwa namna ambayo insha haiwezi.

Katika kuchagua, angalia mikataba ya uhamisho kati ya koleji na vyuo vikuu vya jimbo. Kwa California tovuti ya ASSIST inaonyesha somo kwa somo lipi linapokelewa wapi. Krediti ulizofaulu kabla ya kosa kwa kawaida haziyeyuki, ila kila chuo huamua chenyewe kitazipokea ngapi, na wengi hutaka angalau C. Shahada ya kwanza ni kama krediti 120, na vyuo vingi hukutaka usome sehemu kubwa kwao, kwa hiyo usishangae ukirudishwa nyuma muhula.

Piga simu kabla ya kulipa ada ya maombi. Sema hivi: "Nilifukuzwa chuo kwa kosa la kitaaluma mwaka fulani. Je, mnapokea maombi ya mtu mwenye historia hiyo, na kuna fomu ya ziada?" Wengine watasema hapana palepale, na hiyo ni nafuu kwa mfuko wako. Wengine watakupa jina la mtu wa kumwandikia. Orodha yetu ilianza na vyuo 11. Baada ya simu vilibaki 6.

Jaza fomu kama ilivyo

Common App, fomu moja ya maombi inayotumiwa na vyuo vingi, iliacha kuweka swali la nidhamu ya shule katika sehemu yake ya pamoja kuanzia msimu wa 2021 hadi 2022, na watu wengi wakalipokea hilo kama ruhusa ya kunyamaza. Si hivyo. Chuo chochote kinaweza kuuliza katika sehemu yake chenyewe, na vingi huwataka wanaohama wapeleke ripoti inayojazwa na chuo cha zamani, ambamo ofisa anaulizwa juu ya nidhamu yako. Soma swali neno kwa neno. Wengine huuliza "umewahi kupatikana na hatia", wengine "una kesi inayoendelea". Ukiulizwa, jibu ndiyo. Vyuo vyote ulivyosoma viorodheshe, hata ulichokaa wiki sita.

Kama swali halipo popote lakini transikripti ina maandishi, eleza kwenye sehemu ya maelezo ya ziada. Kama swali halipo na transikripti haina kitu, hulazimiki kujitangaza, na hapo kila mtu aamue na nafsi yake. Mimi ningeeleza kwa aya moja, kwa sababu pengo la mwaka lina maswali yake.

Maelezo yenyewe

Hapa ndipo tulipokaa zaidi, karibu mwezi mzima. Rasimu ya kwanza ya mdogo wangu ilikuwa kurasa mbili na kosa lenyewe lilikuwa limefichwa kwenye ukurasa wa pili. Ilianza hivi, nikiitafsiri: "Kulitokea hali ya kutoelewana kuhusu kanuni za ushirikiano, wakati nikipitia kipindi kigumu cha kifamilia." Msomaji anasikia mtu anayeukimbia mlango. Kipindi kigumu kilikuwa cha kweli, babu alikuwa amefariki, lakini kikitangulia kosa kinageuka kisingizio.

Nikamwambia aandike kwanza kwa Kiswahili, kama anamweleza mama. Kwa Kiswahili hakuweza kusema "hali ya kutoelewana". Akaandika: "Muhula wa pili wa mwaka wangu wa pili, nilichukua sehemu ya uchambuzi kutoka ripoti ya mwenzangu nikaiweka kwenye yangu. Nilijua ni kosa. Nilikuwa nimechelewa wiki tatu na niliona aibu kuomba muda." Sentensi tatu. Ndizo alizozipeleka kwenye Kiingereza, na ndizo zilizosimama.

Baada ya hapo yanafuata matatu, kwa ufupi. Adhabu ilikuwa nini, kwa neno la barua. Umefanya nini tangu siku hiyo, kwa vitu vinavyoweza kuthibitishwa: masomo uliyochukua na alama zake, kazi uliyofanya, semina ya maadili ya kitaaluma kama ulihudhuria. Na utafanya nini tofauti, kwa kitendo na si kwa tabia. "Nimekuwa mwaminifu zaidi" ni maneno matupu. "Sasa naanza ripoti siku ya maabara yenyewe, na nikikwama namwandikia mwalimu kabla ya siku mbili" ni kitu. Maneno 250 hadi 350 yanatosha. Mwenzako aliyekupa ripoti usimtaje, na mwalimu aliyekukamata usimlaumu hata kwa kivuli cha sentensi. Usimpe mtu mwingine wala mashine ikuandikie. Kwa kesi kama yako, hilo likigundulika hakuna atakayekusikiliza tena.

Insha kuu ya maombi iache izungumze juu ya unachotaka kusoma na kwa nini. Wewe si kosa lile tu, na msomaji anahitaji sababu ya kukutaka.

Barua za walimu

Mwalimu wa koleji mpya anayekujua vizuri anashinda profesa maarufu wa zamani. Mwambie historia yako kabla hajakubali. Ni mazungumzo ya dakika tano yanayouma, lakini barua yenye sentensi "alinieleza mwenyewe kilichotokea, na darasani kwangu nimeona yafuatayo" ina uzito ambao hakuna cheti kitakupa. Kama mwalimu wa zamani, au hata ofisa aliyesikiliza kesi yako, yuko tayari kuandika kwamba ulikiri na kushirikiana, mwombe.

Fedha na kalenda

Kufukuzwa kwa udanganyifu peke yake hakukuondolei haki ya msaada wa serikali kupitia FAFSA, fomu ya kuomba msaada huo, kama ulikuwa unastahili. Kinachoweza kukuzuia ni alama na kasi ya masomo, maana F za muhula ule huhesabiwa. Pia ukiondoka kabla ya asilimia 60 ya muhula, sehemu ya msaada hurudishwa serikalini na chuo kinaweza kukudai. Lipa au panga malipo mapema. Mikopo ya serikali huanza kudaiwa miezi 6 baada ya kuacha masomo, kwa hiyo ukikaa nje zaidi ya hapo wasiliana na anayeusimamia mkopo wako.

Vyuo vikuu vingi hupokea maombi ya uhamisho ya msimu wa vuli wa Marekani (muhula unaoanza karibu na Agosti) hadi kati ya Februari na Aprili. Vya mfumo wa University of California hufunga mapema zaidi, karibu na mwisho wa Novemba. Komyuniti koleji hupokea hadi karibu na siku ya kufungua. Transikripti rasmi agiza wiki nne kabla, maana faili lenye kesi ya nidhamu wakati mwingine huwekewa zuio na hutajua hadi uiombe.

Ukikubaliwa

Barua ya udahili husema ni kwa sharti la transikripti ya mwisho. Iagize, na uhakikishe kwamba waliokukubali wana maelezo yako ya nidhamu kwenye faili. Mdogo wangu alimwandikia ofisa wa udahili mistari miwili kuuliza hivyo, akajibiwa kwamba yamo.

Wiki ya kwanza ya kila muhula anawaandikia walimu wake wote maswali yaleyale: kazi gani tunaruhusiwa kufanya pamoja, kwa kiasi gani, akili mnemba inaruhusiwa wapi, na nikichelewa nikuandikie lini. Walimu wengine hujibu kwa sentensi moja, mmoja alimjibu kwa ukurasa mzima. Majibu hayo anayaweka kwenye folda moja na ile barua ya aya tatu.